Kuyumba, kwa Kiingereza

Jumatatu, 3 Machi

Kazi imeingia! Miezi yote hii nimekuwa nikitafsiri vijitabu vya pasi na majokofu — usitumbukize ndani ya maji, usiache karibu na watoto — na leo nimepewa watu. Wagonjwa. Hospitali kubwa imefungua kliniki ya wanaoyumba, wale wanaosimama wakaona sakafu inaondoka. Muuguzi anawauliza wanajisikiaje, anaandika kwa Kiswahili vilevile walivyosema, mimi naweka kwa Kiingereza. Madaktari bingwa walio mbali wanasoma na kuamua: huyu ni sikio, huyu ni miguu, huyu ni kichwa. Wa sikio wanaitwa kutibiwa. Wengine wanaambiwa asante.

Msimamizi kanieleza utaratibu kwa simu. Binti mdogo, shikamoo zake zimejaa adabu, ananiita Mwalimu ingawa chaki nimeitupa zamani. Kuna mfasiri mwingine. Yeye hapewi Kiswahili cha mgonjwa, anapewa Kiingereza changu tu, naye anakirudisha kwenye Kiswahili. Kisha Msimamizi anaweka Kiswahili cha mgonjwa na Kiswahili kilichorudi bega kwa bega. Vikifanana, nimefaulu. Visipofanana, narudishiwa na wino mwekundu. Mimi ni Namba Moja, yeye ni Namba Mbili. Hatujuani na haturuhusiwi kujuana — si jina, si simu, si salamu. Wakijuana, anasema, watasaidiana.

Sharti jingine: mfasiri asiwe na ugonjwa huohuo, maana atachanganya yake na ya wenzake. Ukigundulika unao, kazi unaacha.

"Mwalimu, wewe uko sawa lakini?"

Nikamwambia mimi ni buheri wa afya. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mkono mmoja.

Jumanne, 4 Machi

Neno moja limenila asubuhi nzima.

Mgonjwa ni mpaka rangi wa majumba. Kasema: "Nayumba. Sijalewa, nayumba tu." Haya, kwa Kiingereza? "Imbalance" — hilo la vitu viwili vinavyopimana, chumvi kwenye damu, nguvu za mataifa. Mtu aliye juu ya ngazi hana "imbalance", ana balaa. "Unbalanced" — Mungu apishe mbali! Wakilisoma watadhani ni mwendawazimu, atapelekwa kwa daktari wa akili na kopo lake la rangi. "Off balance" ni mtu aliyesukumwa, mara moja, yakaisha. "Unsteady" ni la miguu ya meza na mikono ya wazee. Na "disequilibrium"! Refu kama treni ya mizigo. Madaktari watalipenda, ila mpaka rangi mwenyewe ukimsomea atauliza nani huyo.

Nikaweka "unsteady". Namba Mbili karudisha: "Sina uthabiti."

Sina uthabiti! Kama mwanasiasa. Wino mwekundu, na haki yake.

Nikafikiri upya. Nikaandika: "I sway. I'm not drunk, I just sway." Jioni ikarudi: "Nayumba. Sijanywa, nayumba tu." Nikapiga makofi, nikasema "Ewaa!" kwa sauti — na sauti ikanishtua. Ilikuwa mara ya kwanza kuitumia tangu niamke.

Ijumaa, 7 Machi

Dada kapiga simu. Yeye hapigi kusalimu, hupiga kukagua. Umekula? Umekula nini? Umepika mwenyewe au mkate tena? Chumba cha nyuma kiko kitupu tangu binti yake aolewe, kitanda kipo, dirisha linatazama bustani, unangoja nini? "Mdogo wangu, ukapera una umri wake. Wako umeshapita, sasa ni ukaidi."

Nikacheka. Nikamwambia nina kazi, nina watu wa kuwasikiliza kutwa. Akauliza watu gani. Nikasema wagonjwa. Akasema: na wao wanakusikiliza wewe?

Sikumwambia kuhusu ukuta wa bafuni. Asubuhi uliniinamia. Nimeoga nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kama mtoto.

Jumatatu, 10 Machi

Namba Mbili ni nani? Namchunguza kwa maneno yake, sina njia nyingine.

Neno "kizunguzungu" halitupi ovyo kama wafasiri wengine, analitunza. Anapenda "kidogo". Kwake kila kitu ni kidogo: nimeanguka kidogo, naogopa kidogo. Huyo kalelewa asilalamike. Kazi yake haina kosa la herufi hata moja. Alipokuta "my husband" akaandika "baba watoto" — nikasema aha! Mwanamke! Kesho yake akakuta "my wife", akaandika "mama watoto". Basi nimerudi nilipoanza.

Leo kulikuwa na mama muuza nguo. Kasema dunia inamwinamia upande mmoja kama kabati lenye mguu mfupi. Nikatumia "lopsided" — the world goes lopsided. Neno zuri, lina kilema ndani yake. Likarudi: "Dunia inaenda upande." Nimelisema mara nyingi nikikoroga chai. Dunia inaenda upande. Ni zuri kuliko la mgonjwa, ni zuri kuliko langu.

Mimi yangu haiendi upande. Yangu inashuka. Ni kama kukanyaga kidato ambacho hakipo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeanguka jikoni. Si vibaya. Nilikuwa nageuka kutoka kwenye jiko kwenda kwenye sinki, hatua moja ya paka, sakafu ikashuka. Nimekwenda na sufuria.

Chini yangu anakaa fundi cherehani. Mashine yake huanza kuunguruma kabla sijaamka, nimeizoea kama mapigo ya moyo. Ikanyamaza. Nikasikia mlango, halafu sauti kwenye ngazi: "Mwalimu! Kuna nini huko?"

"Sufuria!"

"Sufuria gani inaanguka inasema 'mama wee'?"

Nikamwambia ni redio. Akasema haya, redio ipe pole. Akashuka. Mtu mwema. Anajua kipimo cha kiuno changu na cha mguu wangu, kuhusu mengine tunasalimiana tu.

Ni kiwiko, kimevimba. Kazi ya leo nimeimaliza kwa mkono mmoja, na hakuna wino mwekundu. Wiki hii yote hakuna.

Jumapili, 16 Machi

Hakuna kazi Jumapili. Hakuna kilichorudi. Nimesoma tena za wiki nzima.

Mvua. Mkate.

Jumatatu, 17 Machi

Nimejigundua leo, na siyo vizuri.

Kulikuwa na dereva wa lori. Kasema kichwa kinamlevyalevya akishuka garini. Nikafikiria "light-headed", neno la kawaida, madaktari wanalijua. Halafu nikajiuliza: Namba Mbili akilipata atalifanya nini? Atasema "kichwa chepesi", litakuwa baya, wino mwekundu. Lakini nikiweka "giddy"? "Giddy" lina furaha kidogo ndani, la watoto waliozunguka uwanjani mpaka wakaanguka. Yeye atalipenda. Nikaweka "giddy". Likarudi: "kichwa kinanilevya kidogo" — na "kidogo" yake pale mwishoni, kama sahihi!

Nimefurahi mpaka nikapika.

Ndipo sahani ikiwa mbele yangu nikauliza: hili neno nimemwandikia nani? Si dereva. Si madaktari. Nimechagua kama mtu anayechagua zawadi. Kila neno sasa naliokota, naligeuza, nasema hili atalipenda, hili litamchosha. Moyo wa mtu ni kichaka, wanasema. Wangu umeota katikati ya maneno ya watu wagonjwa, wala sijui kama yule wa upande wa pili ni bibi, ni kijana, ana meno au hana.

Nimekula. Nimeosha sahani. Sijarudisha "light-headed".

Jumatano, 19 Machi

Mgonjwa wa leo ni mpishi wa shule, mwanamke. Maneno machache: "Nikisimama peke yangu jikoni nakosa mizani, chumba kinaondoka."

Sijui kwa nini sentensi fupi hivi imenichosha. Nimekaa nayo. Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Chumba kinaondoka — the room leaves — hilo lilikuja lenyewe, na najua atalirudisha vizuri. Kichwa kimekuwa kibaya tangu alfajiri. Nimetuma haraka nikaenda kulala sakafuni, maana kitandani kuna pa kuanguka.

Mganga hajigangi. Na mfasiri je?

Ijumaa, 21 Machi

Nimeitwa ofisini.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya maabara, feni inazunguka kwa malalamiko. Nimepanda ngazi nikishika reli kwa mikono miwili, nikajifanya natazama chini uani. Msimamizi alinipa shikamoo, akanipa kiti, akaweka karatasi tatu mezani kwa mpangilio. Nilijua si salama. Mtu anayepanga karatasi hivyo hajakuita kukusifu.

"Mwalimu, wewe na Namba Mbili mnajuana?"

"Haki ya Mungu simjui."

Akasema kazi yetu inafanana mno. Wafasiri wawili wasiojuana lazima wapishane, mmoja aseme kuanguka, mwingine kuporomoka. Sisi tangu wiki ya pili hatupishani. Alidhani ni ubingwa. Halafu akanisogezea za mpishi.

Karatasi ya kwanza, Kiswahili cha mpishi: nikisimama peke yangu jikoni. Ya pili, Kiingereza changu. "When I stand up in the kitchen I lose my footing, the room leaves." Nikasoma mara mbili. Peke yangu haipo! Nimeliruka. Jicho langu limeliruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

"Umelisahau," akasema. "Sawa, binadamu. Sasa soma ya tatu."

Ya tatu ni ya Namba Mbili. Yeye hajawahi kuona ya kwanza. Kapewa Kiingereza changu tu, chenye pengo. Na kaandika: "Nikisimama peke yangu jikoni, miguu inanipotea, chumba kinaondoka."

"Amelijuaje, Mwalimu? Neno hukumpa. Amelitoa wapi?"

Nilitazama yale maneno mawili, peke yangu, kwa herufi za mashine kama maneno mengine yote. Nilitaka kuikunja ile karatasi niiweke mfukoni.

Msimamizi akasema amempigia Namba Mbili pia. Ameapa hanijui. Ila ameuliza jambo.

"Ameuliza: huyo Namba Moja ni mgonjwa?"

Msimamizi akaendelea:

"Anasema Kiingereza chako si cha mtu anayesikiliza wagonjwa. Ni cha mtu anayeyumba mwenyewe. Mimi sisemi ni kweli. Lakini lisemwalo lipo. Kwa hiyo nakuuliza tena, kama siku ya kwanza. Uko sawa?"

Nikisema siko sawa, kazi inakwenda kwa mwingine, na Namba Mbili anakwenda nayo. Nikisema niko sawa, tunaendelea.

"Mzima kabisa," nikasema. Nikainuka kwa kujiamini ili aone. Kiti kilinisaidia.

Jumamosi, 22 Machi

Sijafanya lolote. Nimekaa.

Namba Mbili kaniulizia mimi. Kati ya watu wote kwenye jengo hili, mtaa huu, orodha ya simu yangu — aliyejua ni mtu asiyenijua. Siku kumi na tano hivi za maneno ya wengine, na kanisikia chini yake. Nami kumbe nimemsikia? Kwa nini aongeze "peke yangu"? Halikuwa langu, nilikuwa nimelitupa. Halikuwa la mpishi kwake, hakumwona mpishi. Basi lilikuwa lake. Naye husimama jikoni kwake. Naye anachanganya yake na ya wagonjwa, na hakuna aliyemuuliza kama yuko sawa.

Naona wivu kwa nani sijui. Nalia kidogo. Kidogo!

Jumanne, 25 Machi

Majibu ya kundi la kwanza yamerudi kutoka kwa madaktari wa mbali.

Mpaka rangi kaambiwa asante.

Nimemuuliza Msimamizi mara tatu kama amesoma vizuri. Kasoma vizuri. Wameandika: mgonjwa anasema anapepesuka, "sways", mwili unakwenda huku na huko, huenda ni udhaifu wa misuli ya miguu, afanye mazoezi. Mazoezi! Mtu anapanda na kushuka ngazi kutwa, miguu yake ni ya chuma. Ni sikio yule. Hata mimi nisiye daktari najua ni sikio, maana kasema kwingine kwamba huanza anapogeuza kichwa. Lakini neno la mbele, lile walilolishika, ni langu. "I sway." Neno nililolipigia makofi.

Lilirudi vizuri kwenye Kiswahili. Ndiyo maana nililiacha. Kumbe neno linaweza kurudi salama nyumbani na huko lilikopita likawa limevunja vitu vya watu.

Nikamwomba Msimamizi tulitume upya. Akasema inawezekana, kama nitaandika leo. Nikakaa. "Unsteady", hapana. "Imbalance", hapana. "Disequilibrium" — nikaliandika, nikalifuta, mpaka rangi atakuwa si yeye. Halafu nikaona kitu mbele ya pua yangu ambacho nilikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la sita: "I lose my balance when I turn my head." Basi. Napoteza mizani nikigeuza kichwa. Halina utamu wowote. Hakuna wa kulipigia makofi. Nililikwepa wiki tatu kwa sababu ni neno la kila mtu na si zawadi ya mtu yeyote.

Namba Mbili karudisha: "Napoteza mizani nikigeuza kichwa." Sahihi, kavu. Hakuna "kidogo".

Huenda kakasirika. Huenda amechoka. Huenda ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Mpaka rangi, waajiri wake wameambiwa wamsimamishe kazi hadi madaktari wamwangalie tena. Msimamizi anasema alikuwa ameshapanda jengo jingine, wamemshusha. Angeanguka je?

Alhamisi, 27 Machi

Naandika nikiwa nimelala. Mwandiko utanisamehe.

Nilikuwa navuka chumba kwenda kuzima birika. Sikukosa kidato safari hii. Chumba chote kilizunguka — hata neno lake sina — kikanitupa kati ya kitanda na meza. Kichwa kimegonga. Nilibaki pale, shavu kwenye sakafu, birika likipiga kelele jikoni.

Chini ya shavu langu cherehani ilikuwa inaunguruma. Niliisikia kwenye mfupa. Sakafu tu ndiyo ilikuwa kati yetu. Ningeita angesikia, ule mlio wa birika peke yake ungemleta.

Na ikanyamaza. Cherehani ikanyamaza! Fundi alikuwa anasikiliza, najua alikuwa anasikiliza, najua anavyoinua kichwa na pini zikiwa mdomoni.

Nikabana pumzi ili asinisikie.

Ndiyo. Nilifanya hivyo. Mtu mzima, damu kwenye nyusi, nikabana pumzi kama mwizi nyumbani kwangu. Kwa sababu angepanda, angeona, angesema, na ingejulikana, na kazi ingekwisha, na yule mtu wa maneno angekwenda. Nilijilinda nisisikiwe na mtu aliye chini yangu ili nisimpoteze mtu nisiyemjua alipo.

Mashine ikaanza tena. Birika likakauka. Nimetambaa kwenda kulizima, limeungua tako.

Baadaye Dada. Nilijitahidi.

"Mbona sauti yako imelala chini?"

"Niko sawa."

"Hukujibu nilichouliza." Halafu taratibu, bila kunisuta, ndiyo maana imeniuma: "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sitaki kukuzika, nataka kukupikia."

Nikasema mtandao mbaya. Nikakata.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemwandikia Msimamizi. Nilianza na maelezo marefu, nikayafuta yote. Nikabakiza: Mimi ni mgonjwa. Napoteza mizani. Tangu kabla ya kazi. Naomba radhi.

Amejibu kabla sijaweka simu chini: "Pole sana Mwalimu. Nilijua ulivyoshika kiti. Kazi nitampa mwingine kuanzia Jumatatu, sina namna. Lakini Jumatatu hiyohiyo uje kliniki, nimekuandikisha. Usije peke yako."

Nikamuuliza: na Namba Mbili?

"Anaendelea. Atafasiri za Namba Moja mpya. Kwa nini?"

Nikamwambia nauliza tu.

Nimeichunguza hii habari pande zote leo. Muuguzi ataniuliza, nitasema kwa Kiswahili, ataandika. Mgeni fulani ataweka kwa Kiingereza. Halafu Kiingereza hicho kitamfikia yeye. Nitamfikia! Kwa njia ya halali, kupitia mlango wa mbele, kama mgonjwa. Sitakuwa na namba, wala hatajua kuwa ni mimi. Au atajua. Aliyelijua "peke yangu" atashindwa nini?

Basi leo nzima nimejiandaa. Nitasema nini? "Nayumba" limetumika. "Dunia inaenda upande" ni lake, nitakuwa namrudishia nguo yake. "Kama kukanyaga kidato ambacho hakipo" — hilo sijampa mtu. Hilo ndilo. Nimelisema mbele ya kioo, nimeshika sinki. Nikajiona mdomo unavyokaa nikilisema, nikachukia. Hata ugonjwa wangu mwenyewe naupamba.

Jumatatu, 31 Machi

Niko kliniki, kwenye benchi la nje. Nimekuja peke yangu. Dada sijamwambia. Fundi alikuwa mlangoni pake nilipokuwa nashuka, akaona plasta kwenye nyusi, akasema Mwalimu, redio imekupiga? Nikacheka, nikapita. Aliniangalia mpaka kona, nimeona kwenye kioo cha duka.

Muuguzi ni mwanamume mnene mpole, ana kalamu mbili mfukoni. Kaniuliza: unajisikiaje, sema kwa maneno yako mwenyewe. Nilikuwa tayari! Nimevaa hata shati zuri. Nikafungua mdomo nikasema, "Napoteza mizani." Basi. Kidato kilibaki kooni. Niliona aibu kukitoa mbele ya mtu anayesikiliza kweli. Akaandika maneno mawili. Akauliza tangu lini, nikigeuza kichwa inakuwaje, nimeshaanguka mara ngapi. Nilisema ukweli wote, akaandika wote, na haukuwa na urembo wowote.

Nilidhani tumemaliza. Akageuza karatasi. Kumbe kuna upande wa pili! Upande huo wafasiri hatuletewi, unabaki hapa hospitali. Sikujua upo.

Akasoma: "Ukianguka nyumbani, nani anakusikia?"

Nikamwomba anirudie. Akarudia, polepole, akidhani sikio langu ndilo bovu. Ni kwa usalama tu, akasema, jina na simu, tukikuhitaji tumpigie nani.

Nikamwambia nipe dakika, nakwenda kunywa maji. Sijanywa maji.

Nani anakusikia. Siwezi kusema hakuna. Hilo lingekuwa rahisi, lina hata utamu wake, na ni uongo. Dada ananisikia hata nikikata simu. Fundi alizima mashine. Walinisikia, nikawaambia sufuria, nikawaambia mtandao. Na yule wa tatu, jina lake sina, na hata ningekuwa nalo hana njia ya kupanda ngazi zangu.

Muuguzi amechungulia mlangoni. Anasema watu ni wengi. Anasema kama sina wa kuandika tuache wazi tu, si dhambi, wengi wanaacha wazi.

Nimemwambia asiache wazi. Anisubiri.

Amesimama hapo na kalamu. Anasubiri.